Mita 15 kati ya mtu na mtu: kisa cha Sheep Creek

Mwaka juzi nilisoma kozi ya usalama wa maporomoko ya theluji hapa Colorado, siku tatu, na karibu nusu siku nzima mwalimu aliimaliza kwenye kisa kimoja tu. Nilidhani atatuletea wazembe, wale wa kwenda mlimani na jinzi na simu yenye chaji asilimia 9, kumbe akatuletea watu waliokuwa na kila kitu, wamesoma utabiri asubuhi, tatizo wanalijua kwa jina lake, wamelijadili, wamepanga namna ya kulikwepa, na bado wakafa watano kati ya sita. Tangu siku ile hicho kisa hakijanitoka. Nimesoma ripoti yake, nimeenda mpaka pale barabarani nikasimama nikaangalia, na nataka nikieleze taratibu kwa Kiswahili maana tuko wengi huku Denver na Aurora, Wabongo, Wakenya, Wakongo, na vijana wetu wengine siku hizi wanazijua snobodi, zile mbao pana za kuteleza kwenye theluji, kuliko mpira. Mi mwenyewe mtoto wa Tanga, theluji ya kwanza kuigusa nilikuwa na miaka 27, kwa hiyo msinione mtaalam.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 20 Aprili 2013, Loveland Pass, pale juu mita zaidi ya 3,600, kama mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Denver ukifuata barabara kuu ya I-70. Sheep Creek ni kijito tu kilicho bondeni, ukipita na gari huwezi hata kukiona. Watu sita, wa ski (zile mbao mbili ndefu za miguuni) na snobodi, wote wazoefu wa kwenda porini nje ya mipaka ya resoti, yale maeneo rasmi ya kuteleza. Kwa asiyejua, resoti ina wafanyakazi wanaolipua miteremko kwa baruti alfajiri ili theluji mbovu ianguke kabla wateja hawajafika, na kuna lifti ya kukupandisha. Porini hamna lifti hamna baruti, unabandika ngozi maalum chini ya ski ili zisirudi nyuma, unapanda kwa miguu yako mwenyewe, na wa snobodi wana ubao unaogawanyika vipande viwili kwa kupandia halafu unaunganishwa wa kushukia. Raha yake ni kwamba theluji yote ni yako, na ubaya wake pia ni huohuo.

Sasa lazima nieleze theluji yenyewe maana bila hapo kisa hakieleweki. Sisi tukiiona tunaona kitu kimoja cheupe, kumbe ni matabaka, kama chapati zilizopangwa sahanini, kila dhoruba inaweka la kwake. Colorado iko mbali na bahari, juu sana, baridi yake kavu, na mwanzo wa msimu theluji inaanguka kidogo halafu inakaa wiki kadhaa bila kuongezewa. Ardhi chini yake iko kwenye nyuzi kama sifuri hivi, hewa juu inafika hasi 15, hasi 20, sasa ile tofauti ikikaa ndani ya theluji nyembamba inasukuma mvuke kupanda, na punje za chini zinajigeuza, zinakuwa kubwa zenye kona kona, hazishikani tena. Wenyewe wanaiita theluji ya sukari na hilo jina halina chumvi, siku ya pili ya kozi tulichimba shimo mpaka chini kabisa, nikaingiza vidole kwenye tabaka la mwisho karibu na majani, ikamwagika yenyewe mpaka kwenye kiatu, kama mtu katoboa mfuko wa kilo dukani. Juu yake kulikuwa na theluji ngumu kiasi kwamba ngumi haiingii. Tukakata nguzo ndogo ya theluji, tukaweka beleshi juu yake, ukaanza ule mchezo wa kugonga, mara 10 kwa kutumia kiganja kutoka kwenye kifundo cha mkono, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani. Yetu ilikatika kwenye pigo la tatu la kiwiko. Haikupasuka hovyo, ilichomoka nzima ikateleza mbele kama droo ya kabati. Tulikaa kimya wote.

Kwa hiyo chukua ubao, uweke juu ya gololi, uinamishe, halafu Machi na Aprili uendelee kuurundikia mizigo. Hiyo ndo hali ya miteremko mingi inayotazama kaskazini huku mwezi ule wa nne 2013, chini kuna sukari ya mwanzo wa msimu, juu yake dhoruba za mwisho zimelundika bamba zito. Na hili bamba la kina kirefu lina tabia mbaya kuliko mengine yote: ni gumu kulianzisha, lakini likianza linakuja lote. Watu 50 wanaweza kupita wasiguse kitu, nyayo zao zikakupa moyo, wa 51 akakanyaga pale bamba lilipokuwa jembamba na ndo basi. Tena si lazima uwe juu ya mteremko. Ukilivunja lile tabaka la sukari ukiwa chini kwenye tambarare, ufa unasafiri ndani kwa ndani unapanda mlima, na mlima unakuja kwako. Hii sehemu mi ndo ilinichukua muda kuielewa, nilikuwa naamini anayekufa ni yule aliyejitia kidomodomo akapanda juu.

Colorado Avalanche Information Center, kile kituo cha jimbo kinachotoa utabiri kila siku ya msimu, siku hiyo kilisema hatari ni ngazi ya 3 kati ya 5 na kilionya kuhusu hayo mabamba ya kina kirefu. Siku mbili kabla mtu mmoja wa snobodi alikuwa amekufa karibu na Vail Pass, si mbali sana na pale. Hebu nitue kidogo kwenye hii ngazi ya 3 maana inawadanganya wengi. Ukiambiwa 3 kati ya 5 unaisoma kama C ya mtihani, na mwenye C si kafaulu? Lakini maana yake halisi ni kwamba maporomoko yanaweza kutokea yenyewe, na ya kuanzishwa na binadamu ni ya kutarajiwa kabisa. Ngazi ya 4 na 5 watu wanaogopa wanabaki nyumbani wanakunywa chai. Ngazi ya 3 wanatoka.

Hawa sita utabiri waliusoma. Hapo ndo kisa kinapokuwa kigumu, maana hatuna pa kuwalaumu kirahisi. Walijua bamba la kina kirefu lipo, walijua linakaa upande gani wa milima, na mpango wao wa siku ulikuwa ni kulikwepa. Walitaka kufika sehemu waliyoiona ina hatari ndogo, ila ili wafike huko ilibidi wapite chini ya mteremko mmoja unaotazama kaskazini. Walijua ni sehemu mbaya. Wakakubaliana wasipite wamebanana, waachiane nafasi ya kama futi 50, yaani mita 15 hivi kati ya mtu na mtu, wapite haraka mpaka kwenye miti michache iliyokuwa mbele. Kwa sikio la haraka haraka mpango unaonekana una akili, na nasema kweli kabisa, ningekuwepo ningeukubali, tena ningejiona makini.

Wakati wanavuka, ilikuwa saa nne na kitu asubuhi, wakasikia puu. Nimejaribu kutafuta namna ya kueleza huo mlio, mimi nimeusikia mara moja tu, siku nyingine, sehemu tambarare, ni kama mtu ghorofa ya juu kaangusha gunia la mchele, halafu unahisi miguu imeshuka nusu inchi. Ndo tabaka la sukari linabonyea chini yako. Zikapita sekunde chache, ufa ukawa unapanda, kisha mteremko wote ukaachia. Wote wakakimbilia kwenye ile miti. Haikuwasaidia.

Sasa njoo kwenye hesabu, na hii hesabu naomba uifanye mwenyewe kwenye karatasi. Watu sita, nafasi tano katikati yao, kila nafasi mita 15. Toka wa kwanza mpaka wa mwisho ni mita 75. Lile poromoko lilikuwa na upana wa takriban futi 800, yaani kama mita 240, sehemu zingine bamba lilikuwa na unene wa zaidi ya mita 3, na lilishuka kimo cha kama mita 180 mpaka bondeni. Yaani msafara wote wa watu sita unaingia ndani ya lile poromoko mara tatu na nafasi inabaki. Wangeachiana mita 30 bado wote wangekuwa ndani. Ile mita 15 ilipimwa kwa poromoko la kichwani mwao, ambalo ni dogo, huku la kweli wameshasomewa asubuhi kwamba likija ni kubwa. Walikuwa wamejibu swali la kwanza, je lipo, wakalijibu vizuri. La pili, je likikatika lote litafika wapi, hapo ndo mguu uliteleza.

Mtu wa pwani hili analijua bila kufundishwa. Ukiwa umesimama kwenye fungu la mchanga maji yamekupwa, huulizi maji yamefika wapi kwenye mguu wako, unauliza yakianza kujaa yanapitia wapi na mimi nitarudije. Mguu mkavu hauna habari yoyote ya kukupa.

Na bonde lenyewe lilizidisha. Theluji iliyoporomoka ikifika pana inatawanyika, ikifika kwenye korongo au kijito inajaa, inarundikana, aliye chini anafunikwa kina kirefu. Halafu ikisimama inaganda papo hapo, msidhani ni ile laini ya kwenye picha, huwezi kusogeza hata kidole.

Watano walifukiwa kabisa. Wa sita naye alishikwa, ila uso ulibaki karibu na juu na mkono mmoja aliweza kuusogeza, akajisafishia theluji usoni akawa anapumua. Lakini kutoka hakuweza. Alikaa hivyo, amebanwa, kwa muda wa karibu masaa manne mpaka waokoaji walipomfikia. Wenzake watano hawakuwa hai. Lilikuwa poromoko lililoua watu wengi zaidi Colorado tangu lile la Twin Lakes mwaka 1962 lililozika nyumba na kuua watu saba.

Wote sita walikuwa na vifaa. Hapa wale wenzangu wanaopenda kununua vitu wanisikilize. Vifaa vya msingi ni vitatu: transiva, kile kiredio unachofunga kifuani kinachotuma mawimbi muda wote kwa kilohezi 457 na kikibadilishwa kinapokea ya mwenzako, fimbo ndefu ya kukunjwa ya kuchomea theluji, na beleshi la chuma. Sasa vitazame hivyo vitu vitatu halafu uniambie kipi kati yake kinakusaidia wewe mwenye nacho kama hamna mtu mwingine. Hamna. Beleshi langu ni la kukufukua wewe, lako ndo la kunifukua mimi. Mfumo mzima umejengwa juu ya jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye boksi: kwamba kuna mtu kabaki nje. Sheep Creek hakubaki mtu nje. Transiva sita zinaita na hamna hata moja ya kusikiliza.

Na muda wenyewe ni mfupi kuliko mnavyodhani. Takwimu za Uswisi ambazo zimefundishwa kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba ukifukuliwa ndani ya dakika 15 hivi nafasi ya kuwa hai ni zaidi ya asilimia 90, ukifika dakika 35 imeshuka mpaka kama asilimia 30. Polisi, helikopta, mbwa, hawa wote wanakuja baadaye. Kwenye kozi tulifanya zoezi, mwalimu kafukia begi lenye transiva kina cha mita moja, akabonyeza saa. Mi nilijiona mjanja. Nafuata mshale wa transiva na namba zake za umbali kwa mita, 38, 30, 22, halafu namba zikaanza kupanda, kumbe nimeenda kinyume, nikarudi, 14, 9, nikapiga magoti, glavu zinakwama, 3.1, 1.4, nikachoma fimbo mara ya kwanza hola, ya pili hola, ya tano ikagota kitu kinachorudisha kidogo, kama unachoma godoro. Hiyo ndo hisia ya mtu, alituambia, jiwe halirudishi. Kisha kuchimba, unachimba upande wa chini wa mteremko unaingilia kwa ubavu, huchimbi kisima juu ya kichwa chake. Dakika 7 na sekunde kadhaa, natokwa jasho kama niko Mombasa Januari, na hilo ni begi moja, eneo dogo, hakuna anayelia, hakuna mlima wa pili juu yangu. Sasa weka watano, weka zaidi ya mita mbili, na mchimbaji ni sifuri.

Kuna kitu kingine kinachouma kwenye kisa hiki. Siku hiyo walikuwa wamekuja kwenye mkusanyiko wa watu wa porini ambao moja ya shughuli zake ilikuwa kuhamasisha usalama wa maporomoko. Watu wengi hapa wanaishia kusema "kejeli ya maisha" wanapita, mi naona tukae hapo kidogo. Ukiwa kwenye kundi zuri, siku nzuri, watu makini, kila mmoja ana kozi yake, nani atanyoosha mkono aseme jamani turudi? Kila mtu anamtazama mwenzake anaona yuko sawa, kumbe na yule anakutazama wewe. Sijui kama ndo ilikuwa hivyo kwa hawa na siwasemei, lakini kwenye makundi yangu ndo ilivyo, hata tukichagua hoteli ya kula. Mtafiti mmoja, Ian McCammon, mwaka 2004 alitoa uchambuzi wa ajali 715 za Marekani, na jambo lililonishtua ni kwamba kwenye maeneo waliyoyazoea, watu wenye mafunzo ya juu walikuwa wanajiingiza kwenye hatari sawasawa na wale wasiosoma sana. Elimu ilikuwa kichwani, mazoea ndo yanaendesha gari.

Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba wangepita mmoja mmoja, wengine wamesubiri mahali salama, kisa kisingekuwa hivi. Kwa hesabu ni kweli, angeshikwa mmoja na wangekuwepo watano wa kumtafuta, na hiyo ndo kanuni ya kwanza kabisa ya kozi yoyote. Ila nina neno hapo. Kwa poromoko la ukubwa ule, lenye unene wa nyumba, ndani ya bonde, huyo mmoja nafasi yake ni finyu hata wangekuwepo ishirini na mabeleshi. Kupita mmoja mmoja kunapunguza idadi ya misiba, hakugeuzi sehemu mbaya kuwa nzuri. Kwa tatizo la bamba la kina kirefu jibu ni la kuchosha: usipite hapo, zunguka, au nenda upande mwingine wa mlima, au njoo mwezi mwingine. Hamna ufundi. Ndo maana hakuna anayelipenda, huwezi hata kulipigia picha.

Msimu uliopita tulitoka wanne, mimi, kaka mmoja wa Eldoret ninayefanya naye kazi ghala moja, na Wamarekani wawili. Ngazi ya 3, tatizo lilelile la sukari chini. Tukafika mahali njia inapita chini ya mteremko unaotazama kaskazini, kama mita 200 za kuvuka, upande wa pili kuna msitu. Nyayo za watu zipo, wamepita asubuhi. Mmarekani mmoja akasema tupite mmoja mmoja, dakika mbili kila mtu. Mi nilikuwa nimeshaanza kukaza mikanda, nakiri. Yule wa Eldoret akatazama juu muda mrefu akasema, "Sasa hiyo yote ikishuka, huyo mmoja ataenda wapi?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, safari hii kwa Kiingereza, kwa upole tu.

Tukarudi nyuma tukazunguka kupitia msituni, saa moja kasoro ya kupanda na kushuka bila sababu yoyote ya kufurahisha. Tulipofika jua limeshaichoma theluji, imekuwa nzito kama uji uliolala, nikashuka naanguka anguka mpaka chini. Ule mteremko jioni ulikuwa bado uko vilevile, haujakatika. Tukakaa ndani ya gari tukala chapati baridi alizofunga mke wake, na yule Mmarekani wa dakika mbili akaomba ya pili.